Maswali ya Wasomaji: Mwenye Intaneti ni Nani, na Neno Lako la Siri Analo Nani?

Maswali ya wiki hii yametoka Dodoma mjini, Kondoa, Mpwapwa na Kongwa. Nimeyachagua kwa sababu yanagusa jambo ninalolipigia kelele kila mara: tunautumia mtandao kutwa nzima bila kujua funguo zake tumemkabidhi nani.

Nani aligundua intaneti, na je, ni mali ya Google? (Mwanafunzi, UDOM)

Intaneti haina mwenyewe mmoja. Tarehe 29 Oktoba 1969, kompyuta ya Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles ilijaribu kutuma neno LOGIN kwenda Taasisi ya Utafiti ya Stanford, zikafika herufi mbili tu kabla mfumo haujazimika. Vinton Cerf na Robert Kahn walichapisha mwaka 1974 msingi wa kanuni za TCP/IP, zinazowezesha kompyuta za mitandao tofauti kuwasiliana, ambazo ARPANET, mtandao ule wa mwaka 1969, ulianza kuzitumia rasmi tarehe 1 Januari 1983. Wavuti, yaani kurasa tunazofungua kupitia intaneti, ambayo wengi huichanganya na intaneti yenyewe, ilikuja baadaye: Tim Berners-Lee aliipendekeza mwaka 1989 akiwa CERN, taasisi ya utafiti wa fizikia nchini Uswisi, na tarehe 30 Aprili 1993 taasisi hiyo ikairuhusu itumiwe na kila mtu bila malipo. Ndiyo maana shule ya Chamwino inaweza kufungua tovuti yake leo bila kumlipa aliyebuni wavuti hata senti moja. Google ilianzishwa mwaka 1998 na kuikuta nyumba imekwisha kujengwa, kwa hiyo nawasihi walimu wa TEHAMA waache kuwaambia watoto kwamba Google ndiyo intaneti.

Kwa nini bando langu linaisha upesi? (Wasomaji wengi)

Nimekwisha kulijibu: zima upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video katika WhatsApp, kisha fungua mipangilio ya simu uone ni programu ipi inayokula data.

Mwezi Mei 2024 mtandao ulisumbua kwa siku kadhaa, tukaambiwa mkongo umekatika baharini. Dodoma hakuna bahari, ilituhusu nini? (Mfanyabiashara, Majengo)

Ilikuhusu kwa sababu kurasa nyingi unazofungua zimehifadhiwa kwenye seva, yaani kompyuta zinazotunza tovuti, za nje ya nchi. Data hutoka Dodoma kwa nyaya za nchi kavu hadi Dar es Salaam, kisha huingia kwenye mikongo, yaani nyaya kubwa za chini ya bahari, ambayo ni pamoja na SEACOM, iliyofika mwaka 2009, na EASSy, iliyofuata mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilikatika upande wa Afrika Kusini, na sehemu kubwa ya mawasiliano yetu ikakosa njia. Mkongo haufungwi kwa kamba. Ni lazima meli maalumu iende kuunyanyua na kuuunga. Mimi naona aibu kwamba taasisi zenye ofisi hapahapa Dodoma huweka tovuti zao ng'ambo, kiasi kwamba mwananchi wa Bahi anayetafuta fomu lazima avuke bahari ili aipate. Zikihifadhiwa nchini, mkongo wa baharini ukikatika fomu hiyo itaendelea kufunguka.

Kijana wa steshenari alinifungulia barua pepe nilipoomba mkopo wa chuo. Sasa siwezi kuingia. (Binti, Mpwapwa)

Binti yangu, swali lako limenisikitisha kuliko yote, kwa sababu barua za aina hii huja kila msimu wa maombi. Kijana huyo huenda hakuwa na nia mbaya. Alitaka kumaliza foleni, akaandika namba yake ya simu na neno la siri analowapa wateja wote. Matokeo yake ni kwamba msimbo wa kurejesha akaunti unakwenda kwake. Mrudie leo, mwombe akusomee msimbo huo ukiwa umesimama hapo, kisha badilisha neno la siri, weka namba yako, na uondoe vifaa vyote vingine vilivyoingia kwenye akaunti. Ikishindikana, fungua barua pepe mpya kwa simu yako mwenyewe, uende na kitambulisho kwa wahusika wa mkopo kuomba wabadilishe anwani. Wazazi, msimpeleke mtoto steshenari bila simu ambayo namba yake mnaimiliki ninyi.

Ujumbe unasema tusipousambaza kwa watu 20, WhatsApp itafungwa. Ni kweli? (Kondoa)

Si kweli. Ufute, na usiusambaze hata kwa kuuliza.

Napokea ujumbe wa «ile hela tuma kwenye namba hii». Nifanye nini? (Mkulima, Kongwa)

Usijibu wala usipige. Utume ujumbe huo kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli. Kisha piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, kwa sababu baadhi ya laini za matapeli husajiliwa kwa alama za vidole vya watu wasio na habari. Wakala wa mtaani akikwambia kidole hakikusoma na kukutaka urudie, usirudie mpaka akuonyeshe kwenye kifaa chake kwamba usajili wa kwanza haukukamilika.