Nyasi ya kijani mwezi wa saba

Ile mwaka, mwezi wa saba, kiangazi kali, vumbi Kadutu nzima, huku Bukavu, nyuma ya ukuta yetu ya kushikilia udongo kulikuwa kasehemu kamoja, kama mita mbili hivi, nyasi kijani kabisa sawa vile tuko katikati ya mvua. Mama yangu alikuwa anaifurahia, akapanda lengalenga pale na ilikuwa inaota muzuri sana. Hakuna mutu hata mmoja ku nyumba alijiuliza ile nyasi inakunywa maji ya wapi, na mimi nikiwemo.

Kisha wiki mbili mama jirani wa chini akapanda kuja kwetu, na wenye wanakaa Bukavu wanajua, ku mlima jirani wa chini paa yake iko karibu na miguu yako, akasema, "Mama, munisamehe kuwasumbua, ukuta yangu ya jikoni inatoka jasho tangu juzi." Tukamujibu itakuwa baridi ya usiku tu. Ile jibu inaniuma mupaka leo.

Tiyo ya galva (ya chuma) yenye ilikuwa inatoka ku kompteri ya kupima maji kuingia ku nyumba ilikuwa imeoza ndani ya udongo. Na juu kwetu maji ilikuwa inakuja usiku tu, muchana huoni kitu, udongo inakauka kidogo juu, unafikiri byote biko sawa. Tukaita kijana mmoja wa karibu, akachimba, akakuta katobo, akafunga na kawuchu ya shambriyeri (mupira ya ndani ya gurudumu), akarudisha udongo, tukamulipa, tukalala. Siku sita kisha, saa tisa ya usiku, maji ikarudi na nguvu, ile kawuchu ikatoka, ukuta ikapasuka na udongo yote ikaanguka ndani ya jikoni ya ule mama. Walikuwa wamelala upande ingine, Mungu asifiwe, hakuna mutu aliumia, lakini masufuria, bidoni, gunia ya makala, byote chini ya matope.

Njo maana naandika hii. Batu wengi wanaogopa maji yenye wanaiona: robine inadondosha matone, sifoni ya lavabo inavuja, wanaita fundi mbio mbio. Ile inaweza kungoja, weka ndoo, badilisha kajointi wewe mwenyewe siku ya posho kama unajua. Yenye haingoji ni ile maji huioni, yenye inaingia chini ya nyumba, zaidi kama unakaa ku mutelemko. Lita moja tu kila dakika ni lita 1440 kwa siku moja, ni karibu tani moja na nusu ya uzito yenye unaongeza ndani ya udongo kila siku, na udongo yetu ya Bukavu ikishiba maji inakuwa nzito na inateleza, batu wa Funu, mutaa ya huku Kadutu, hawana haja mutu awaelezee hiyo.

Sasa utajua namna gani. Kompteri njo itakuambia ukweli. Usiku maji ikisharudi, funga robine zote, hakikisha hakuna sitani (tanki ya maji) inajaa, kisha enda na tochi uangalie kale kagurudumu kadogo ku kompteri. Kakiendelea kuzunguka, kuna mahali maji inatoka. Hapo funga vani (robine kubwa ya kukata maji) ya kuingilia nyumba: kakisimama, shida iko ndani ya nyumba, kakiendelea, shida iko ndani ya udongo kati ya kompteri na nyumba, na hapo usingoje asubuhi, funga vani ya ku kompteri na uite fundi wa maji wa kweli. Alama zingine ni unyevu kiangazi, mupasuko ya ukuta yenye jana haikuwa vile, simenti yenye inalia wazi ukiigonga, na malalamiko ya jirani wa chini. Ukuta ikianza kuvimba tumbo, hiyo si kazi ya fundi wa maji tena, toa watoto kwanza, enda umuambie jirani wa chini atoke hata kama ni usiku wa manane, na shefu wa avenii ajue.

Kuna kitu ingine fundi mmoja mzee alitufundisha kisha ile balaa. Maji ikikatika, tiyo inabaki bila kitu ndani, na kama iko na tobo inavuta ndani maji chafu ya nje. Tobo ikiwa karibu na fosi septiki (shimo ya choo) ya mutu, fikiria mwenyewe kitu watoto wanakunywa asubuhi, na sisi Kivu kolera tunaijua. Kwa hiyo maji ya kwanza ikitoka nyeusi ao na harufu, isubiri isafike, ya kunywa chemsha, lakini usizoee kuchemsha na kuacha tiyo vile.

Wese (choo ya maji) nayo: lavabo peke yake ikiziba, zibua. Lakini ukimwaga maji ku lavabo na unasikia wese inakoroma ao dushi inarudisha uchafu, tiyo kubwa imeziba ao fosi imejaa, acha kutumia maji na uite mutu. Usichanganye javel (maji ya kufanya nguo nyeupe) na asidi kuzibua, ule moshi unaua. Maji ikifika karibu na umeme, zima disjonkteri (swichi kubwa ya umeme) kama unasimama pakavu, kama hapana toka nje, usiguse kitu.

Na fundi akikuja muchana wakati hakuna maji, akitengeneza, usikubali afunike shimo siku ile ile. Acha wazi, maji irudi usiku na nguvu yake, muangalie pamoja ao umupigie asubuhi, kama ni kavu njo aweke udongo na simenti. Fundi muzuri hatakasirika kwa hiyo. Kawuchu ni ya usiku moja, si ya kufukia.

Na leo, kabla ya kulala, tafuta vani yako iko wapi, kama unapanga muulize mwenye parsele. Izungushe mara moja kwa mwezi isigande. Yetu ilikuwa imefunikwa na simenti wakati walitengeneza baraza, na ule usiku tuliitafuta na nyundo, kwa mwangaza ya telefone, nusu saa nzima, maji inaendelea kushuka kwa jirani na yeye analia akiita majina ya watoto wake mmoja mmoja ahakikishe wako bote.