Babel ya Python: kuisakinisha na kusahihisha Kiswahili chake

SWALI: Ninatengeneza kwa Python programu ya kutoa risiti za duka la familia, nami ninataka tarehe ziandikwe kwa Kiswahili. Nilishauriwa kutumia maktaba ya Babel, lakini kompyuta yangu yenye Ubuntu 24.04 ilikataa kuisakinisha, ikatoa ujumbe wa `externally-managed-environment`. Aidha, nikikuta humo neno la Kiswahili lililokosewa, je, ninaweza kulisahihisha mwenyewe?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Kompyuta yako ni nzima. Tangu mwaka 2023, Debian na Ubuntu huizuia pip, zana ya kusakinisha maktaba za Python, isiguse Python ya mfumo, kwa kuwa zana kadhaa za mfumo wenyewe huitegemea Python hiyo hiyo. Wapo watakaokuambia uilazimishe pip kwa kuongeza `--break-system-packages`, yaani "vunja vifurushi vya mfumo". Jina lenyewe linatosha kukuonya. Badala yake, tengeneza mazingira ya Python yaliyotengwa na ya mfumo. Sakinisha kwanza `python3-venv` kwa apt, kisakinishi cha Ubuntu yenyewe, kisha, ukiwa ndani ya folda ya kazi yako, andika amri hizi:

`python3 -m venv mazingira`
`source mazingira/bin/activate`
`pip install Babel`

Baada ya hapo, `format_date`, amri ya Babel ya kuandika tarehe, ukiipa tarehe ya 9/12/2024 pamoja na `format='full'` na `locale='sw'` itakuandikia "Jumatatu, 9 Desemba 2024".

Swali lako la pili lina undani zaidi, na wengi hupotea hapo. Babel haitungi maneno yake: majina ya siku, miezi, nchi na sarafu huyachukua kutoka CLDR, hazina ya data za lugha inayosimamiwa na Unicode Consortium. Kwa hiyo, ukituma sahihisho la neno kwa watunzaji wa Babel, watakuelekeza huko, na wana haki, maana sahihisho lililofanywa kwao lingefutika mara data mpya zitakapoingizwa. Peleka hoja yako CLDR, ukieleza neno sahihi na mahali linapotumika, kwani huko Kiswahili cha Kenya na cha Kongo vina mafaili yake mbali na lile la jumla. Jiandae kusubiri, kwa sababu hoja hujadiliwa kwanza, na hata ikikubaliwa itakufikia pale tu Babel itakapotoa toleo lenye data hizo.

Kosa likiwa katika msimbo wenyewe, hapo ndipo inapohusika GitHub, tovuti unakotunzwa msimbo wa Babel. Ukipakua msimbo kutoka huko, kumbuka kwamba data za CLDR hazimo. Ni lazima uziingize mwenyewe kabla ya kufanya majaribio.