Msianze na mgeni, anzeni na mkutano wa kijiji

Mkuu, umeuliza kijiji chenu huko Lushoto kianzie wapi kwenye utalii, na umesema ramani ya njia mnayo na mwekezaji wa kambi kashapatikana. Naomba msimame hapo kwanza. Nina miaka sita kwenye kamati ya utalii ya kijiji chetu, Moshi Vijijini, na sisi tulianza hivyohivyo.

Tulikuwa vijana watano. Tukapanga njia: kihamba (shamba la migomba na kahawa la nyumbani), mfongo (mfereji wa asili wa kumwagilia), maporomoko, mwisho kahawa. Pale kwenye kahawa kulikuwa na mama mmoja. Anatwanga kuondoa maganda, anapepeta kwenye ungo, anakaanga kwenye chungu juu ya mafiga, moshi wote unamwingia machoni, kisha anatwanga tena mpaka iwe unga. Wageni wanapiga picha tu. Hela tulikuwa tunampa mwenye shamba. Siku moja nimefika na wageni wanane, nakuta kinu kimefunikwa kifudifudi, mama kaenda kukata majani ya ng'ombe. Hakugombana na mtu. Niliona aibu mpaka leo nikipita pale naikumbuka.

Ndipo tukalipeleka suala kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Usiuchanganye na halmashauri ya kijiji, ile yenye wajumbe 15 hadi 25. Mkutano mkuu ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Tulikaa toka saa nne asubuhi hadi saa tisa. Wazee wakatuambia wageni wanabomoa kingo za mfongo na walio chini wanakosa maji siku ya zamu yao; njia ikahamishwa. Sehemu ya matambiko ikatolewa kabisa kwenye ziara. Kina mama wakataka walipwe papo hapo kila kundi linapoondoka, siyo mwisho wa mwezi. Ikaamuliwa pia kila mgeni achangie mfuko wa kijiji, na kitabu cha risiti kisomwe hadharani kila mkutano. Hakuna hata moja kati ya hayo tuliyokuwa tumeliwaza sisi watano.

Kama mna nauli, pelekeni watu wachache Mto wa Mbu, kule karibu na Ziwa Manyara, wapo kwenye utalii wa kitamaduni tangu miaka ya 1990. Wapelekeni kina mama, siyo viongozi peke yao. Wetu waliona wenzao wanavyowapikia wageni chakula cha mchana, wakarudi wanajua bei ya kudai.

Kuhusu mwekezaji: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Kama amesainiwa karatasi yoyote ofisini bila mkutano, irudisheni mezani sasa, kabla hajamwaga tofali hata moja.

Yule mama alirudi. Siku hizi anafundisha mabinti wawili, na bei ya kikundi anaitaja mwenyewe. Mkishafanya mkutano, leta hapa mlichokubaliana tukiangalie pamoja.