Umeumia Shingo kwa Ajali? Karatasi Zianze Siku Ile Ile

Shingo iliyoumia kwa ajali haitoki damu, na mara nyingi hata haivimbi. Ndiyo maana madai yake hukataliwa kirahisi kuliko ya mguu uliovunjika. Anayeshika faili lako ofisi ya bima haoni kichwa kinavyokataa kugeuka. Anaona karatasi, na tarehe zilizo juu yake.

Tarehe ndizo zinazowaponza wengi. Gari ikigongwa nyuma, kichwa hurushwa nyuma kisha mbele, misuli na kano za shingo zikavutika kupita kiasi. Maumivu si lazima yaje pale pale. Mara nyingi huanza baada ya saa kadhaa, au kesho yake mtu anapoamka shingo imekakamaa. Kufika hapo keshamwambia dereva "mie mzima", keshapokea chochote cha kumalizana, na namba ya gari hakuichukua. Msimalizane barabarani. Piga picha namba za gari zote, chukua simu za abiria wawili watatu, na trafiki waitwe. Uhai wa bima huangaliwa kwa namba ya gari kwenye mtandao wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania.

Kituo cha polisi chukua PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na uhakikishe jina lako limo katika taarifa ya ajali. Gari ya abiria ikipinduka, majina ya waliolazwa hayasahauliki. Aliyekwenda kwao kwa miguu ndiye anayesahauliwa.

Hospitali, iwe Mnazi Mmoja ya Unguja au Abdalla Mzee kule Mkoani, Pemba, usiseme tu "shingo inauma". Eleza ulivyokaa. Kwenye daladala za mabenchi abiria hukaa ubavu ubavu, hana pa kuegemeza kichwa, kwa hiyo gari ikigongwa nyuma shingo hupinda upande, na pengine kichwa kikapiga chuma cha dirisha. Mwombe daktari aandike tarehe ya ajali, shingo inageuka kiasi gani kulia na kushoto, mkono unafa ganzi au la, na siku za kupumzika. Eksirei ikitoka safi usikate tamaa: inaonesha mifupa, kano na misuli haionekani humo. Maelezo ya daktari ndiyo yatakayokubeba, basi rudi kila akikuita, kwani pengo la wiki sita bila cheti husomwa kuwa ulishapona. Lakini ganzi ya mikono, miguu kulegea, au mkojo kukushinda ni mambo ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo, bima itasubiri.

Mafuta ya makonyo ya karafuu hayana ubaya. Kuvutwa na kupindwa shingo na mchuaji kabla daktari hajakuona kuna ubaya mkubwa, na bima itasema aliyekuumiza ni yeye. Nayo kola ya shingo usiivae miezi kwa kutaka uonekane mgonjwa. Misuli hulegea, na kupona kunachelewa.

Gharama zigawe mafungu mawili. Zinazohesabika, yaani dawa, vipimo, nauli na kipato kilichopotea, zinataka ushahidi wa kila shilingi. Risiti ya duka la dawa isiyo na jina wala tarehe ni karatasi ya kufungia karanga. Mwajiriwa alete barua ya mwajiri na hati ya mshahara. Mvuvi au muuza vitafunio alete daftari la mauzo ya kabla ya ajali, na barua ya sheha kuthibitisha kazi yake. Fungu la pili ni la maumivu na usumbufu. Hilo halina risiti, hukadiriwa, na makadirio hufuata uzito wa ripoti ya daktari.

Bima ndogo (third party) humlipa mtu wa tatu, abiria akiwemo. Dereva aliyesababisha ajali haimlipi maumivu yake mwenyewe.

Wakikuletea hati ya kukubali malipo ungali unatibiwa, usitie saini. Ukishaisaini madai yamefungwa, hata maumivu yakirudi mwezi unaofuata. Subiri ripoti ya mwisho ya daktari. Wakikuzungusha, andika barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kisha upeleke lalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Asiye na pesa ya wakili aende Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, na aende mapema, kwa sababu kufungua kesi kuna ukomo wa muda.