Maswali ya Wasomaji: Kompyuta ikizima swali la 85, nimefeli?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni nesi, niko Mwanga hapa Kigoma, nafanya kazi wodi ya wazazi. Nataka kufanya NCLEX-RN, ule mtihani wa kompyuta wa kupata leseni ya unesi Marekani, ila wenzangu wamenichanganya, mmoja anasema kompyuta ikizima kwenye swali la 85 ujue umefeli, mwingine anasema hapo ndo umepasi. Halafu eti huwezi kurudi nyuma kurekebisha jibu, ni kweli? Na nianzie wapi kusoma?
*Nesi wa Mwanga*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hao wenzako wote wawili wamekosea, naomba hilo ulitoe kichwani leo leo maana linaharibu watu wengi wakiwa ndani ya chumba cha mtihani.

Iko hivi. Kila ukijibu swali kompyuta inapiga hesabu upya ya kiwango chako, halafu inakuletea swali ambalo kwa kiwango hicho una nafasi kama nusu kwa nusu ya kulipata. Ukipata linalofuata linakuwa gumu zaidi, ukikosa linashuka kidogo, yaani kama muuza dagaa wa Kibirizi anavyoongeza na kupunguza mawe kwenye mizani mpaka ikae sawa. Maswali ni kuanzia 85 mpaka 150, na 15 kati ya hayo hayahesabiwi kabisa, yanajaribiwa tu kwa ajili ya mitihani ya mbele ila wewe huwezi kuyajua kwa hiyo jibu yote kwa moyo mmoja. Kompyuta inasimama ikishakuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu ya mstari wa kufaulu, au uko chini. Ndo maana mtu anaweza kuzimiwa kwenye 85 akafaulu na mwingine akazimiwa hapo hapo akafeli. Ukiona maswali yanakukaba usikate tamaa, huo mtihani umetengenezwa ukukabe.

Na kweli, ukishathibitisha jibu huwezi kurudi, wala kuruka. Una saa 5, mapumziko yakiwa humo humo, kwa hiyo hata ukifika 150 unapata dakika 2 kwa kila swali. Usikimbie, ila usizubae pia, maana muda ukiisha hujafikisha 85 umefeli moja kwa moja.

Sasa kusoma. Hapa ndo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu wengi wanakariri madaftari ya chuo halafu wanashangaa. Mtihani huu unapima uamuzi. Chukua mfano, una wagonjwa wanne: wa kisukari sukari iko 200, mwenye presha 150/90, wa upasuaji wa jana anaomba dawa ya maumivu, na mama aliyejifungua masaa mawili yaliyopita pedi imelowa yote ndani ya dakika 15. Unaanza na nani? Wewe wa wodi ya wazazi hata huulizi, unakimbilia kwa mama, unakanda tumbo la uzazi. Hiyo akili unayo tayari, kazi ni kuipeleka kwenye moyo, figo, watoto na magonjwa ya akili pia. Tangu Aprili 2023 kuna visa vya mgonjwa mmoja vyenye maswali 6 kila kimoja, unasoma faili lake na majibu ya maabara hatua kwa hatua, vifanyie mazoezi sana.

Halafu zoea lugha yao. Ile sukari 200 ni kwa kipimo chao cha mg/dL, kwa kipimo chetu cha mmol/L ni kama 11, yaani ya kwao unagawa kwa 18, ya kwetu unazidisha kwa 18. Paracetamol wao wanaita acetaminophen, salbutamol ni albuterol, adrenaline ni epinephrine. Na soma mambo ya nani anaweza kukabidhiwa kazi gani wodini, huko wanauliza mno na sisi huku hatukuzoea. Ukitoka naiti lala kwanza, kisha fanya maswali machache na usome maelezo ya kila jibu, hata ulilopata.

Kabla ya yote bodi ya uuguzi ya jimbo la Marekani unaloomba lazima ikubali elimu yako, na jina kwenye maombi lifanane na pasipoti herufi kwa herufi. Ukifeli unasubiri siku 45 unajaribu tena.

SWALI: Na Uingereza ni mtihani huo huo?
*Msomaji, Tabora*

JIBU: Hapana kaka. Wao wana CBT, mtihani wa kwenye kompyuta wenye sehemu mbili, hesabu za dawa maswali 15 kwa dakika 30, na uuguzi maswali 100 kwa saa 2 na nusu. Idadi haibadiliki, na ukifeli sehemu moja unarudia hiyo tu. Baada ya hapo kuna OSCE, mtihani wa vitendo, huo unaufanyia huko huko Uingereza.