Nanasi Ndani ya Mchuzi wa Nyama

SWALI: Mume wangu hupenda kupika nyama kwa nanasi na kumiminia jibini asali, nami chakula cha chumvi kikitiwa utamu hunishinda kabisa kumeza. Yeye husema sijui kula. Je, kati yetu nani ana kasoro?

JIBU: Ndugu msomaji, hakuna mwenye kasoro, na neno hilo la kwamba hujui kula halikustahili kutamkwa mezani. Mumeo ana sababu: chumvi kidogo hufifisha uchungu, na uchungu ukishafifia, utamu uliokuwa umejificha hujitokeza, ndiyo maana kipande cha nanasi kilichonyunyiziwa chembe chache za chumvi huweza kuwa kitamu kuliko kisichoguswa, tena uchachu wa tunda hukata mafuta ya nyama. Lakini nawe una sababu yako, kwa kuwa ladha haiamuliwi na ulimi pekee, bali pia na pua, na mazoea tuliyolelewa nayo, na yale tunayoyatarajia kabla ya tonge la kwanza, hata aliyezoea utamu uje mwisho wa mlo hushtuka akiukuta ndani ya mchuzi. Mazoea hayo huweza kulegea mtu akionja kidogo kidogo, mara nyingi, kwa hiari yake. Akishurutishwa, huzidi kuchukia. Mwombe basi akaange nanasi kando, hadi kingo zake zigeuke kahawia, aliweke katika bakuli lake, kila mtu ajipakulie. Nawe anza na chumvi juu ya tunda lililoiva, kabla ya kuigusa nyama.