Kipimo cha choo ni hasi, lakini damu bado naiona

SWALI: Daktari, nina miaka 43, ni dereva wa matatu ya Kisumu–Busia. Tangu mwanzo wa mwaka nikienda haja kubwa naona damu, ingawa si kila siku. Pale stendi niliuziwa dawa ya mitishamba ya bawasiri, damu ikakata wiki tatu, kisha ikarudi. Nimefanya kile kipimo cha choo cha kutafuta damu iliyojificha, jibu likawa hasi. Marehemu baba aligunduliwa na saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 52. Je, bado nahitaji kamera, ile inayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa kuchungulia utumbo?

JIBU: Unaihitaji, ndugu yangu, na usingoje damu ikate tena ndipo uamue.

Kipimo hicho hasa ni cha kumchunguza mtu asiye na dalili, kutafuta damu ambayo macho hayaioni. Wewe unaiona. Uvimbe hauvuji damu kila siku, na choo ulichopeleka maabara ni cha siku moja tu. Halafu kuna baba yako. Wengi huanza kuchunguzwa wakifika miaka 45, lakini ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja ameugua huanza na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao jamaa yake aligunduliwa, kutegemea upi unatangulia. Umri huo umeshaupita. Ndugu zako nao waambie.

Kinachoniudhi ni jinsi damu hii inavyoitwa bawasiri kabla hata mgonjwa hajavua suruali. Bawasiri ni nyingi kweli, na hazigeuki saratani. Lakini mtu anaweza kuwa nazo na saratani ikawa juu yake, na zote mbili huvuja, hukata, kisha huvuja tena. Damu yako ingeweza kukata wiki tatu hata kama hungemeza chochote, na muuzaji angesema dawa imefanya kazi. Nawaona wagonjwa waliozungushwa miezi na miezi: dawa ya amiba, dawa ya minyoo, vidonge vya kuongeza damu. Hakuna aliyevaa glavu, akapaka jeli na kuingiza kidole, jambo la dakika moja ambalo mara nyingi hugusa uvimbe ulio karibu na njia ya haja. Mwanamume mzima akipungukiwa damu, kwanza aulizwe inaishia wapi.

Wapo pia wa “kusafisha utumbo” ili kuzuia saratani. Hawa wanadanganya watu mchana kweupe. Saratani hii kwa kawaida huanza na polipu, kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa utumbo, na huchukua kama miaka 10 kugeuka. Polipu haitoki kwa mwarobaini wala kwa juisi ya aloe vera. Inanaswa kwa kitanzi cha waya kinachopitishwa ndani ya kamera, ikakatwa papo hapo, ikapelekwa maabara. Ndiyo maana kamera inazuia, haigundui tu.

Usafi unaohitajika ni wa siku moja kabla ya kamera: hakuna ugali wala maziwa, ni maji, strungi na supu iliyochujwa, na vinywaji vyekundu uviache kwa sababu vinaonekana kama damu. Kisha utapewa dawa ya kuharisha, uinywe mpaka kinachotoka kiwe maji ya manjano yasiyo na chembe. Utumbo ukibaki mchafu, polipu inajificha. Na kwa kuwa huenda ukachomwa sindano ya usingizi, siku hiyo usiguse usukani. Nenda na mtu.

Anzia Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga hapo Kisumu, omba kuonana na daktari wa upasuaji, na mweleze habari ya baba hata asipokuuliza.

Hiyo dawa ya stendi iache. Na wewe unayesoma haya ukiwa umeahidiwa kudungwa sindano ya bawasiri kwenye kibanda, usiende. Dawa kali ikidungwa na asiyejua huozesha nyama, njia ikaziba au mtu akashindwa kuzuia choo maisha yake yote. Anayetaka pesa yako, muulize kwanza ameona nini humo ndani, na ameonaje.